Msimamizi Asiyeitikia Salamu

Siku moja hapa Mafiga palikuwa na arusi. Watu walikuwa bado wanakula pilau, na gari la kumchukua bibi arusi limeshafika, linapiga honi. Wazee wamesema, vijana wamesema, hakuna aliyeinuka. Ndipo sauti ikatoka pembeni, wala haikuwa kubwa: "Kalamu chini!"

Wanaume wazima, wenye ndevu na vitambi, wakaachia vijiko. Mmoja akaweka mikono juu ya meza, viganja wazi, akasubiri kukusanyiwa.

Huyo ndiye Msimamizi. Nusu ya watu wa arusi ile walifanya mitihani mbele yake walipokuwa watoto, na woga wake haujawatoka mpaka leo. Jina analo, bila shaka alipewa, lakini mtaani halitumiki. Alifundisha fizikia miaka mingi na akasimamia mitihani ya shule za watu mpaka akastaafu. Walimstaafisha kazi, yeye hakujistaafisha.

Alizaliwa wapi na lini, sisemi. Hilo la kuzaliwa lina ugomvi wake, nitalifikia.

Mimi nauza maharage. Shule nimefika darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Naandika kwa sababu mjukuu wangu, Rukia, amesema nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye atamsifia. Mtu yule hahitaji kusifiwa. Anahitaji kuandikwa na mtu aliyemwona vizuri.

Nianze na alivyo. Shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, hata joto liwe la kuivisha mayai. Mfukoni kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Anatembea kama mtu anayepita kati ya madawati, mikono nyuma, anachungulia kushoto na kulia. Ukiwa umekaa na mwenzako barazani mnanong'ona, akipita mnaachana wenyewe, na hamjui mmekosa nini. Msibani anafika kabla wenye msiba hawajatandika mikeka, kisha anawalaumu kwa macho.

Ana daftari moja gumu, jalada jeusi, analoliita daftari la matukio. Chochote kinachotokea ndani ya chumba cha mtihani anakiandika humo, pamoja na saa na dakika. Mtoto amepiga chafya, anaandika. Mjusi ameanguka kutoka darini, anaandika. Nilimuuliza mjusi anahusikaje na mtihani.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana nimeandika."

Na kilichoandikwa humo hakifutwi. Akikosea herufi anaikata kwa mstari mmoja, na pembeni anaandika kwamba amekosea.

Sasa ule ugomvi. Mimi na yeye hatukuwahi kuamkiana. Mtu wa hapa ataelewa uzito wa maneno haya. Watu wazima wawili, mtaa mmoja, wanakutana kila asubuhi, na hakuna anayempa mwenzake shikamoo. Sababu ni kwamba mimi najua mimi ndiye mkubwa. Nilipoolewa nikaletwa mtaa huu, nilimwona kwa macho yangu anapita na kaptula ya shule. Yeye anasema ni kweli alikuwa na kaptula, lakini ilikuwa ya ualimu, siku hizo walimu walivaa kaptula. Tumebishana kwenye hilo mpaka mke wake akatukataza kulitaja ndani ya nyumba yake.

Basi ikawa miaka yote, yeye "Habari za asubuhi," mimi "Nzuri," kama karani na mtu aliyekuja kuulizia barua. Kila mmoja anamngoja mwenzake alegee.

Jumamosi alikuwa anakuja sokoni kununua kilo moja ya maharage. Jumamosi ya kwanza kabisa, maharage yametoka Mgeta, mazuri, nimempimia, mizani imelala sawa, wateja wengine wamesimama wanangoja. Akasema:

"Mama Maharage, badilisha."

"Nibadilishe nini? Si unaona imelala sawa?"

"Jiwe liweke kushoto, maharage yaweke kulia."

"Unaniita mwizi mbele ya wateja wangu?"

"Sijasema mwizi, nimesema badilisha. Kama mkono mmoja wa mizani ni mrefu kuliko mwenzake, ukibadilisha pande utaona. Kama ni sawa hutaona kitu, na mimi nitakuomba radhi."

Nikabadilisha kwa hasira, ili nimwaibishe. Sahani ya maharage ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Watu wakaangua kicheko. Mwuza dagaa wa pembeni yangu akajishika kiuno.

"Unajipunja," akasema Msimamizi. "Tangu uwe na mizani hii unawapa watu maharage ya ziada."

Hakuniomba radhi. Alisema aliyedhulumiwa ni mimi na aliyedhulumu ni mimi, kwa hiyo tumalizane wenyewe. Nikanunua mizani nyingine. Haikusaidia. Kila Jumamosi anasimama pale pale: "Badilisha." Nabadilisha, inalala sawa, analipa, anakwenda. Watu wa sokoni wakazoea, wakawa wanamwitikia kwa pamoja kabla hajafungua mdomo.

Msije mkadhani ni mtu wa sayansi kutoka unywele mpaka ukucha. Radi za milima ya Uluguru mnazijua. Wingu linashuka kutoka kule juu, mji unakuwa kama umefunikwa sufuria. Msimamizi anaweza kukueleza radi inatokana na nini mpaka ukasinzia. Lakini mke wake ameniambia mwenyewe: ngurumo ya kwanza tu, mume anachukua kanga anafunika kioo cha kabati. Nikamvizia siku moja.

"Mwalimu, kioo kinavuta radi?"

"Hakivuti."

"Sasa unakifunika cha nini?"

Akafikiri. "Marehemu mama alikuwa anafunika. Na sijaona jaribio lolote linaloonyesha kwamba kufunika kuna madhara."

Balbu ya sebuleni ikiungua anaita fundi. Anasema yeye upande wake ni nadharia.

Kwa hiyo walimu fulani vijana wa Dar walipoanzisha kozi ya fizikia ya mtandaoni, kwa ajili ya watoto wa sekondari ambao shule zao hazina mwalimu wa somo hilo, wakawa wanatafuta mtu wa kuwasimamia watoto wa Morogoro kwenye mtihani wa kujiunga, mimi sikushangaa walipofika kwake. Mmoja wao alishawahi kusimamiwa naye. Wakamtumia barua. Akaitia fremu, akaitundika chini ya saa ya ukutani.

Rukia alikuwa kidato cha pili, shule iko Kihonda, analala hosteli ya shule. Mwalimu wao wa fizikia alihamishwa na hakuletwa mwingine. Mwalimu wa jiografia akawa anaingia kuwasomea kitabu, na akifika penye hesabu anasema hiyo mtaisoma wenyewe. Kidato cha tatu wanachagua masomo. Mtoto yule aliifungua redio yangu akiwa na miaka tisa. Nilimchapa, akairudisha, ikawa inashika vizuri kuliko mwanzo. Nikajutia fimbo, ingawa sikumwambia.

Akaja kunieleza habari ya kozi. "Bibi, nikiikosa hii naacha fizikia. Siwezi kwenda kidato cha tatu na mwalimu wa jiografia."

"Mtihani unafanyika wapi?"

"Kwa Msimamizi. Sebuleni."

"Basi nenda. Hapo hakuna wa kukupendelea."

Nami nilisema hivyo kama jambo zuri.

Ile sebule aliiandaa kama anayetarajia ukaguzi. Mtihani ulikuwa unafanywa kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe ina jicho na sikio: inamtazama mtoto na inasikiliza chumba. Ikisikia sauti ya mtu mwingine yeyote, inaufunga mtihani. Basi Msimamizi akaondoa kalenda ukutani, kwa kuwa ina namba. Kuku akawahamishia kwa jirani. Nyumba ya tatu akaenda kuwaomba wasitwange siku hiyo. Adhana hakuwa na mamlaka nayo, akapanga mtihani uwe kati ya sala mbili. Watoto watatu wa mwanzo walifanya Jumamosi ya kwanza, na mzee mmoja aliyepita dirishani akampa Msimamizi salamu mara tatu hakujibiwa, akaondoka anasema mtaa mzima kwamba yule bwana sasa amekuwa na kiburi cha waziwazi.

"Salamu ni mazungumzo," Msimamizi alinieleza baadaye. "Ndani ya mtihani siitikii, hata aje nani."

Zamu ya Rukia ilikuwa Jumamosi ya pili. Alitoka hosteli moja kwa moja mpaka kwa Msimamizi, sikumwona asubuhi ile. Mimi nilimwachia meza mwuza dagaa, nikaenda kukaa uani kwa Msimamizi. Alishaniambia niishie hapo hapo uani. Mke wake alikuwa amekwenda Dumila kwa dada yake, jiko liko wazi, birika la chai juu ya mkaa. Nikakaa. Nikafikiri: mtoto ametoka hosteli alfajiri, chai ya hosteli tunaijua, ni maji yaliyoonyeshwa majani. Kichwa kitafanyaje kazi?

Nikamimina kikombe. Nikavua kandambili ili nisipige kelele. Niliingia kwa mlango wa nyuma, kimya, nia yangu niweke kikombe mezani nitoke. Neno lolote sikuwa nalo mdomoni, naapa.

Lakini mtoto yule nimemlea mimi. Tangu anajifunza kusimama, mkubwa akiingia chumbani anainuka na anaamkia. Hakuna siku amesahau. Nilimzoesha mwenyewe, na fimbo ya mpera ilikuwepo kushuhudia. Rukia akaniona kwa pembe ya jicho, akainuka kitini, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Umekula?"

Ilinitoka. Na yeye ilimtoka. Kompyuta ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, maandishi yote yakaondoka, likabaki neno moja kubwa na maelezo chini yake: sauti ya mtu wa pili imesikika, mtihani umefungwa.

Msimamizi alikuwa amekaa nyuma ya mtoto. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka kunizuia, umebaki hewani. Akaushusha. Akatazama saa ya ukutani. Akafungua daftari jeusi, akaandika.

"Mwalimu, nimemletea chai."

Anaandika.

"Mwalimu, si naongea na wewe?"

Akafunga kalamu. "Sasa unaweza kuongea, mama. Mtihani umekwisha."

"Kwa salamu?"

"Kwa salamu."

"Ulitaka mtoto anione nimeingia, aninyamazie kama ukuta?"

"Ndiyo."

"Huo utovu wa adabu angeufundishwa na nani?"

"Na mimi. Nilimfundisha kwa dakika kumi kabla ya kuanza. Wewe umemfundisha kwa miaka kumi na minne. Umenishinda."

Rukia hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliketi, akanywa ile chai yote, taratibu, macho kwenye kompyuta iliyofungwa, kisha akasema, "Yalikuwa yamebaki maswali matano." Akaosha kikombe, akaenda zake Kihonda. Sikumfuata. Ningemwambia nini?

Jioni ile Msimamizi akaniita nisikilize taarifa yake kabla hajaituma. Anasema mtu akitajwa kwenye taarifa ana haki ya kusomewa. Akasoma kutoka kwenye daftari, akiwa amesimama: "Sauti ya pili ni ya bibi wa mtahiniwa, muuza maharage. Yaliyosemwa ni haya na si zaidi: shikamoo Bibi, marahaba mwanangu, umeamkaje, umekula. Kwa maoni ya msimamizi, bibi huyu hana ujuzi wowote wa fizikia, na asingeweza kumsaidia mtahiniwa kwa namna yoyote ile."

"Umemaliza kunitukana?"

"Hili si tusi. Ni utetezi."

"Ungeweza kunitetea bila 'wowote'."

"Neno 'wowote' ndilo linalomwokoa mtoto."

Halafu fomu ikataka umri wa mwenye sauti, akaniomba kitambulisho. Nikampa bila kufikiri. Mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho changu karani aliupata kwa kunitazama usoni, akakadiria, na sijui siku ile alinionaje, maana alinipunguzia. Msimamizi aliutazama mwaka ule. Nilimwona anahesabu. Kwa karatasi ile yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili mizima, na imepigwa mhuri.

Nikangoja aseme. Alinirudishia kitambulisho kwa mikono miwili, akaendelea kujaza fomu. Hakusema siku ile, wala kesho yake, wala Jumamosi sokoni. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kama angesema.

Baada ya siku chache Dar wakajibu. Wakasema maelezo ya msimamizi yanaeleweka, lakini hawawezi kumwamini mtu kwa maoni tu. Wanataka kuisikia ile sauti ya pili. Watampigia simu bibi, wamuulize lile swali ambalo mtoto alikuwa analo mbele yake bibi alipoingia. Kama bibi hajui kitu, basi hakuna msaada uliotolewa, mtoto atafunguliwa aendelee na maswali yake matano.

Yaani mimi nifanye mtihani, na mtihani wenyewe nikifeli ndiyo nimefaulu. Nilicheka. Nikasema, kwa hilo nipo tayari tangu darasa la nne.

Tukakaa sebuleni, chini ya barua yenye fremu. Rukia ameomba ruhusa shuleni amekuja, amekaa pembeni yangu. Simu ipo mezani, imefunguliwa sauti. Akaongea binti, sauti nzuri, yenye adabu.

"Shikamoo, Bibi."

Nikamtazama Msimamizi. Akanikubalia kwa kichwa. "Marahaba, mwanangu."

"Bibi, nakusomea swali. Usijali kama hulijui, sema tu hulijui. Una mizani yenye sahani mbili. Huna uhakika kama mikono yake ni sawa. Huna mizani nyingine ya kulinganisha. Utajuaje kama inapima kweli?"

Msimamizi akainua uso, akatazama dari, kama anayemtafuta yule mjusi. Rukia akanishika kanga chini ya meza, akaivuta. Macho yake yanasema, Bibi, sema hujui. Neno moja tu. Sijui.

Nilikuwa nalijua jambo hilo kuliko nijuavyo njia ya kwenda kisimani. Kila Jumamosi ya maisha yangu mtu yule amesimama mbele ya meza yangu akanitia jibu lile kichwani. Na mtoto huyu aliyenivuta kanga nilimchapa mara ngapi kwa kusema "sijui" wakati anajua? Nisiwe mnafiki, iliniuma pia. Lile neno "wowote" lilikuwa bado limenikaa kooni.

"Unabadilisha," nikasema.

"Samahani, Bibi?"

"Unabadilisha pande. Jiwe lililokuwa kulia unaliweka kushoto, mzigo wa kushoto unauweka kulia. Ikilala sawa kama mwanzo, mizani ni ya kweli. Upande mmoja ukishuka, kuna mkono mrefu. Na kama ni mrefu upande wa jiwe, basi unajipunja mwenyewe, kama nilivyojipunja mimi."

Yule binti akauliza, polepole, "Bibi, hilo umefundishwa na nani?"

Nikasema ukweli huo nao. "Na msimamizi wenu."

Rukia akaachia kanga yangu. Msimamizi akashuka kutoka darini alikokuwa, akavuta simu karibu yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa na karatasi mfukoni.

"Ninarekebisha taarifa yangu," akasema. "Niliandika kwamba bibi huyu hana ujuzi wowote wa fizikia. Si kweli. Anao ujuzi mmoja. Nilimfundisha mwenyewe, nikasahau kwamba nilimfundisha. Kosa ni la msimamizi. Lakini yaliyosemwa chumbani ni manne, niliyaandika yote, na kompyuta yenu imeyasikia. Mizani haikutajwa."

Akachukua daftari. Akafungua ukurasa wa siku ile, akakata neno "wowote" kwa mstari mmoja, akaandika pembeni kwamba amekosea. Kwa kalamu nyekundu.

Wakabishana huko Dar karibu wiki nzima. Mwisho wakaamua: mtihani wa kwanza umefutwa wote, Rukia atafanya mwingine, maswali mapya, kuanzia mwanzo. Kama ningekuwa mjinga kama nilivyoandikwa, mtoto angebakiza matano tu. Kwa sababu ya akili yangu akafanya arobaini.

Siku ya mtihani wa pili Msimamizi alitaka nisikanyage hata uani kwake. Mwuza dagaa akapewa kazi ya kunisimamia sokoni, na akaifanya kwa raha isiyo ya kawaida. Nikiinuka tu: "Unaenda wapi, mtahiniwa?" Usiku wa kuamkia siku hiyo Rukia hakulala hosteli, alilala kwangu, tukaamkiana mapema kabisa ili hilo liishe. Nikamwambia: "Leo nakuruhusu. Akiingia mkubwa yeyote, hata niwe mimi, hata awe marehemu babu yako amefufuka, kaa kimya."

"Hata babu?"

"Babu nitamwomba radhi mimi."

Majibu yangekwenda kwa msimamizi. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili, Jumamosi, saa ya Msimamizi kuja sokoni ikapita, hakuja. Watu walikuwa wameshajiandaa kuitikia "badilisha", wakakosa. Mimi nikapima kilo moja ya maharage, nikabadilisha pande mwenyewe bila kuambiwa, nikafunga kwenye mfuko, nikaenda.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo juu. Nikamwona mtoto mwingine, wa kike pia, mbele ya kompyuta, amenipa mgongo. Msimamizi amekaa nyuma yake. Amezeeka, nikaona siku ile. Miwani mkono mmoja umefungwa kwa waya. Akaniona. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Hakutikisa kichwa kwa ndiyo wala kwa hapana, ingawa alijua nimefuata nini na kichwa kilikuwa chake mwenyewe. Kwake yeye kukonyeza pia ni mazungumzo.

Nikasimama pale mlangoni. Kukaa ningepiga kelele na kiti. Nilisimama na kilo yangu ya maharage mpaka miguu ikafa ganzi, na katika maisha yangu hakuna mtu, hata marehemu mume wangu, aliyewahi kuninyamazisha kwa muda kama ule. Nikawa na nafasi ya kufikiri. Nikafikiri kuhusu kile kitambulisho, mwaka wenye mhuri, na mtu aliyeuona akanyamaza. Angeweza kunipiga nao kila Jumamosi mpaka nife. Nikaamua kwamba nitakalosema nitalisema kabla sijasikia habari ya Rukia, isije ikaonekana nimelipia.

"Kalamu chini," akasema.

Mtoto akaondoka, akaniamkia mlangoni, nikamwitikia. Msimamizi akainuka akaja.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba."

Aliitikia upesi mno, kama mtu aliyekuwa na jibu mkononi kwa miaka na anachongoja ni swali. Kisha akanipa mgongo, akarudi mezani, akatazama saa ya ukutani, akafungua daftari jeusi. Nikadhani anatafuta matokeo. Akafunga kalamu.

"Rukia amepita," akasema.

Nikaweka maharage chini. "Lini umejua?"

"Tangu asubuhi."

"Na umenisimamisha hapo mlangoni kama nguzo?"

"Mtihani ulikuwa unaendelea, mama."

"Nionyeshe. Nataka kuona kwa macho yangu."

Akanigeuzia daftari. Mimi nasoma kwa kidole, neno moja baada ya jingine. Jina la Rukia lilikuwepo, na mbele yake neno "amefaulu", saa moja na nusu asubuhi. Chini ya hapo paliandikwa kwa wino ambao ulikuwa bado unang'aa. Nikapitisha kidole: saa nne na dakika kumi na mbili. Mama Maharage, mlangoni. Shikamoo. Imeitikiwa.

"Futa," nikamwambia.

"Hili daftari halifutwi."

"Mtihani ulikuwa umekwisha! Si ulisema kalamu chini?"

Akavua ile miwani ya waya, akaifuta kwa ncha ya shati, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Nilimwambia mtoto," akasema. "Mimi yangu sikuiweka."